Finjani ya Kwanza ya Ferista

Kijiwe chetu kiko Tunduma, upande wa kushoto ukielekea mpakani, pale foleni ya malori inaposimama mpaka madereva wanajuana majina ya watoto. Benchi ni ubao wa bodi la Scania juu ya ringi mbili za tairi, na mmoja akiinuka bila kuaga, wa upande wa pili anakaa chini. Wa kudumu tuko wanne. Yahaya, mtu wa Kondoa, ndiye mwenye birika, finjani na kashata, na ndiye peke yake anayefanya kazi wakati tunaongea. Osward ni dereva wa lori. Tunamwita Kasumbalesa kwa sababu kila hadithi yake, hata ya ubatizo, lazima ipitie Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo. Habibu tunamwita Visa. Anawajazia watu fomu za safari na anajua masharti ya nchi zote duniani, ingawa yeye mwenyewe mwisho wake ni Nakonde, hapo ng'ambo, kununua sabuni. Mimi ni fundi viatu, na kwa kuwa nina kalamu sikioni wamenipa ukatibu. Siku hiyo, saa nne asubuhi, akaja Ferista.

Hatukuwa tunamjua. Mama mrefu, mkulima wa kahawa kutoka Nanyala, kitenge kimekaa kiunoni barabara, kingine begani. Alikuwa amempelekea Mariam, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, baibui jipya likunjwe upindo, na Mariam alikuwa na kazi za watu watatu mbele yake, akamwambia asubiri kwetu. Akakunja goti kutusalimia mmoja mmoja, hata Visa, ambaye hastahili.

Yahaya: Karibu mama. Naona baibui. Kuna safari?

Ferista: Ipo, kaka. Kesho kutwa. Naenda Saudia.

Kasumbalesa: Saudia ipi?

Visa: Kwani ziko ngapi, wewe?

Ferista: Kuna maonyesho ya kahawa Riyadh. Kikundi chetu cha akina mama tulipeleka sampuli, ikapendwa. Kuna mzee mmoja mnunuzi ametualika, na kabla ya biashara anataka kunikaribisha kwake, nile na wake zake na binti zake. Wenzangu wamenichagua mimi.

Sindano ikanibaki mkononi. Mimi ni mtu wa Mlowo, jirani na Nanyala, kahawa nimeiona tangu sijaota meno, inaondoka kwenye magunia na hairudi hata kusalimia. Kumwona aliyeipalilia anaifuata mpaka kwa mnywaji, nilisikia raha kabisa kifuani.

Kasumbalesa: Mwanangu! Mimi na lori langu miaka kumi na minane, mwisho Lubumbashi. Akina mama wa Nanyala wamefika Saudia! Mukwai, kama wasemavyo Wabemba, heshima yako.

Akampigia makofi mawili ya Kibemba, yale ya kupokelea wakubwa.

Ferista: Heshima bado, baba. Naogopa. Nasikia wale watu wanashika sana mila zao. Nikikosea adabu nyumbani kwa yule mzee, nimewaangusha wenzangu kumi na tisa, na mlango wenyewe ndiyo huo mmoja.

Hapo mama wa watu alijiponza. Kwa Visa usiombe ushauri kama una haraka.

Visa: Mama, kaa kitako. Kwanza nguo. Ukishuka tu kwenye ndege, kuna mtu ana rula.

Kasumbalesa: Rula ya nini?

Visa: Ya upindo. Ukionekana kifundo cha mguu, unarudi na ndege hiyohiyo.

Kasumbalesa: Basi hiyo ni mizani ya malori! Mbona naijua? Mama, usisimame katikati ya sahani. Pitisha mguu wa mbele kwanza, tulia, halafu wa nyuma. Ukitikisika wanakuandikia umezidisha.

Yahaya: Acheni kumtisha mtu. Dada yangu Bushra amefanya kazi Jeddah miaka sita. Siku hizi mgeni anavaa nguo ya stara, basi. Hilo baibui ni heshima yake mwenyewe, na atapendeza nalo.

Visa: Sheria haina siku hizi, Yahaya. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

Mimi: Hiyo na upindo wapi na wapi?

Visa: Chanjo, Katibu! Mgeni akija na homa, mwenyeji atapona saa ngapi? Mama, kadi ya chanjo ya homa ya manjano unayo?

Ferista akafungua pochi. Akatoa pasipoti, akatoa tiketi, akatoa leso, kisha akapekua upya na kufumba macho.

Ferista: Jamani. Nimeiacha juu ya kabati.

Akampigia jirani yake, Roda, akamwomba aingie ndani aichukue, ampe yeyote anayekuja Tunduma amletee hapa kijiweni. Visa akavimba, tukajua kwamba leo hatutapumzika. Mtu huyu akipatia kitu kimoja, kumi vinavyofuata ni uongo mtupu.

Visa: Mnaona? Tuendelee. Mkono. Mwanamume wa kule hakupi mkono. Anauweka kifuani, hivi, anainamisha kichwa. Usidhani kakudharau.

Yahaya: Hilo ni kweli. Ni heshima hiyo. Wapo wanaotoa, ila wewe subiri aanze yeye.

Ferista: Hilo halinisumbui.

Visa: Na usimkazie macho.

Ferista: Hilo nalo halinisumbui.

Mara zote mbili alitabasamu peke yake. Nililiona tabasamu, sikulielewa, na mtu wa Mlowo kama mimi nilipaswa kulielewa.

Kasumbalesa: Nyayo! Msomali mmoja aliniambia pale Kasumbalesa, ukikaa usimwelekezee mtu nyayo. Nilikuwa nakunja nne mbele yake, akaninunia siku mbili. Sasa sababu yake ninaijua. Mtembezi hula miguu yake. Ukimwonyesha mwenyeji nyayo unamwambia, mimi nimeshakula vyangu, pilau lako kaa nalo.

Ni upuuzi, lakini ulikuwa umesimama vizuri.

Visa: Halafu kuna siku. Unakaa siku ngapi?

Ferista: Tano.

Visa: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Piga hesabu mwenyewe.

Ferista: Watanipa jembe?

Visa: Na la jangwani ni zito. Beba lako.

Ferista: Jembe siliogopi, baba. Wanionyeshe tu mpaka wa shamba.

Kasumbalesa alicheka akainuka, na mimi niliyekuwa ncha ya pili nikajikuta chini na kiatu cha mtu mkononi. Ferista ndiye aliyeniinua. Mkono wake ulikuwa mgumu kuliko soli niliyokuwa nashona.

Yahaya: Kule ni kinyume, mama. Bushra alisimuliwa na wenyeji wake kwamba zamani mgeni akifika hemani haulizwi shida yake mpaka siku tatu zipite. Anakula, analala, ngamia wake anapewa maji. Hata kama ni adui.

Kasumbalesa: Siku tatu bila kuulizwa? Hapa foleni hujazima injini umeshaulizwa umebeba nini, umetoka wapi, una biskuti? Aisee. Wale ni watu.

Ferista: Ni watu kweli. Mtu mwenye shida anaachwa kwanza apumzike.

Visa: Sawa, lakini huo ukarimu ndiyo hatari yenyewe. Usisifie kitu ndani ya nyumba yao. Ukisifia saa, anaivua. Ukisifia zulia, linakunjwa. Kuna jamaa alisifia ngamia.

Mimi: Ikawaje?

Visa: Akakabidhiwa.

Kasumbalesa: Ngamia mzima?

Visa: Na mtoto wake.

Kasumbalesa: Mama, nisikilize. Ukikabidhiwa, usikatae. Nitamfuata Dar mimi mwenyewe. Shida ni shingo, itagonga nyaya za umeme. Itabidi alale.

Visa: Akilala anakuwa mzigo. Akisimama ni abiria. Fomu tofauti.

Kasumbalesa: Abiria wa wapi ana miguu minne?

Visa: Katibu, andika: mnyama hai, rangi ya udongo, tanki la maji juu.

Wakabishana mpaka jua likatusogelea benchini. Ngamia alishalazwa Makambako, akanywa maji Igawa, akakataa kupanda mlima, na Visa alikuwa amemtafutia jina la kwenye fomu. Ferista alisikiliza yote kwa adabu, mikono mapajani. Mwisho Yahaya akachoka. Akasuuza finjani ndogo isiyo na mkono, akasimama mbele ya mgeni wetu.

Yahaya: Mama, yaache ya ngamia. Jambo kubwa ni hili. Kule kahawa ndiyo salamu. Mwenyeji anamimina kwa mkono wa kushoto, anakupa kwa kulia. Anamimina kidogo, chini ya nusu, kusudi arudi kukumiminia tena, usikae na finjani baridi. Ya kwanza haikataliwi. Ukiikataa ya kwanza, ni kama umekataa nyumba. Ukitosheka, usiseme neno, tikisa finjani hivi, kushoto, kulia. Usipotikisa ataendelea kumimina mpaka magharibi.

Kasumbalesa: Bila kusema neno! Yaani tumbo lako linabaki siri yako. Ustaarabu huo.

Yahaya: Tujaribu. Mimi mwenye nyumba. Karibu.

Ferista akainuka. Akakunja goti, akapokea finjani kwa mikono miwili, kichwa chini. Tulimwangalia tu. Barabara nzima ya malori inapiga honi, na mama huyu amepokea kikombe cha kijiweni kana kwamba amekabidhiwa mtoto mchanga.

Yahaya: Vizuri sana. Lakini mkono mmoja, mama. Wa kulia.

Ferista: Kwetu mmoja ni utovu wa adabu.

Yahaya: Najua. Kule ndiyo adabu. Haya, unywe.

Hakunywa. Aliishika finjani, akainusa, akaizungusha kidogo, akainusa tena. Mvuke ukaisha. Yahaya akangoja. Sisi tukangoja.

Visa: Mama, mbona hunywi?

Ferista: Sijawahi.

Visa: Hujawahi nini?

Ferista: Kunywa kahawa.

Hapo benchi likapiga kelele lote kwa pamoja. Kasumbalesa alishika kichwa. Visa akauliza kama ni dini, au ni presha. Ferista akamrudishia Yahaya finjani kama alivyoipokea, akakaa, akatueleza taratibu.

Ferista: Ile mikahawa ni ya baba mkwe wangu. Yeye ndiye aliyeipanda. Nilipoolewa nilikuta sheria: kahawa haiingii jikoni. Nyumbani ni chai. Nina miaka ishirini na moja pale. Naijua kahawa kwa kuishika, naijua kwa harufu, mbegu mbovu naisikia gizani. Kuionja, hapana. Nikinywa kule, nimevunja sheria ya nyumba yangu mbele ya watu nisiowajua. Nisipokunywa, nimevunja ya kwao. Silali, jamani.

Visa: Si umuulize tu mzee mwenyewe?

Ferista: Siwezi. Mimi Mnyiha. Wengine siku hizi wamelegeza, kwetu hatujalegeza. Mkwe hasemi na baba mkwe. Hamtazami usoni, hampi mkono, akimwona anajifunika na kupisha njia. Mume wangu ndiye aliyekuwa mdomo wetu, na mume wangu Mungu alimchukua miaka mitatu sasa. Binti yetu Erica anapeleka maneno madogo, chakula tayari, dawa hizi hapa. Hili ni kubwa. Siwezi kumtwika mtoto.

Kasumbalesa akahesabu kwa vidole. Hajawahi kuhesabu kwa vidole mbele yetu.

Kasumbalesa: Ngoja. Humtazami. Humpi mkono. Unajifunika. Miaka ishirini na moja.

Ferista: Ndiyo, baba.

Kasumbalesa: Sasa Visa, tangu asubuhi tulikuwa tunamfundisha nini huyu mama?

Visa akaona kuna uzi unaning'inia kwenye shati lake, akaanza kuushughulikia.

Hakuwahi kuumaliza. Ferista alisimama ghafla, akavuta kitenge cha begani akajifunika kichwa chote, akazunguka nyuma ya jiko la Yahaya akachuchumaa, ametugeuzia mgongo. Tukageuka kuangalia anakimbia nini. Kutoka upande wa stendi alikuwa anakuja mzee mwembamba, koti la suti la zamani, fimbo, viatu vimepigwa rangi vikang'aa, na hapo niseme kama fundi, vilikuwa vimetunzwa na mtu anayejua. Alipokiona kile kitenge naye akasimama. Akaugeuza uso kwenye foleni ya malori, kama amekuja kuyakagua, na maneno yake yote aliyasemea huko.

Mzee: Hamjambo, wanangu.

Sisi: Shikamoo, mzee.

Mzee: Marahaba. Mimi Zebedayo wa Nanyala. Kuna kadi hapa ya mtu. Roda alitaka kumpa kondakta, nikaona kadi ya safari hapewi kondakta.

Akarudi kinyumenyume, akailaza kadi kwenye ncha ya benchi, akatoka tena hatua tatu.

Visa: Mzee, si huyu hapa nyuma ya—

Yahaya akamkanyaga. Kisha Yahaya huyo, ambaye ni mpole mpaka wateja wanamdhulumu kashata, akafuta mikono kwenye aproni na kusimama kati ya mzee na kitenge.

Yahaya: Mzee wangu, huyo mtu wa kadi ana neno. Amekosa mdomo wa kulisemea. Ukiniruhusu, nitakuwa mimi.

Mzee: Sema.

Yahaya: Huko anakokwenda, mwenyeji atampa kahawa. Ya kwanza haikataliwi. Na yeye anasema nyumbani kwake kuna sheria.

Mzee Zebedayo akalifuata lori moja kwa macho mpaka likapita. Nilimwogopa. Nilidhani atachukua kadi yake arudi nayo stendi.

Mzee: Ile mikahawa tulipanda na marehemu mke wangu. Miche tulibeba kichwani. Nikasema, hainywewi hata kikombe, kijana asome kwanza, akimaliza, tutakunywa. Akamaliza. Nikasema, tungoje aoe. Akaoa, akapata mke mchapakazi, sijaona mfano wake, na hilo sijawahi kulitamka. Nikasema, tuezeke nyumba kwanza. Tukaezeka. Mke wangu akaondoka. Kijana akaondoka. Hakuna aliyekunywa.

Nyuma ya jiko kitenge kilitikisika, hakikutoa sauti. Mzee akageuza kichwa kidogo, akaliangalia birika.

Mzee: Ninyi hapa mnakunywa kila siku?

Kasumbalesa: Kila siku, mzee wetu.

Mzee: Basi mnisaidie. Ya kwetu ina ladha gani?

Kasumbalesa akachungulia ndani ya finjani yake. Visa, mwenye masharti ya nchi zote, alitazama kiatu nilichoshika kana kwamba ni chake. Mimi wa Mlowo nikaona haya waziwazi. Tukamtazama Yahaya.

Yahaya: Mzee, nisikudanganye. Hii nainunua dukani imeshasagwa. Sijui imetoka wapi.

Mzee: Hakuna anayejua.

Yahaya: Hakuna, mzee.

Mzee Zebedayo akaitikia kwa kichwa, mara mbili, mara tatu. Akaibadilisha fimbo mkono.

Mzee: Basi mwambieni anywe. Anywe kwa adabu za wenyewe, kama walivyomwelekeza. Na akirudi, asinitumie mtu. Erica asije, Roda asije. Aje yeye, akae mbele yangu, aniambie ina ladha gani.

Hata Visa alielewa ni mwiko gani uliofunguliwa pale. Nyuma ya jiko yakasikika makofi, mawili, mepesi, ya viganja vilivyokunjwa, yale ambayo mtu wa kwetu hupokelea neno la mkubwa. Mzee aliyasikia. Hakugeuka. Akasema, “Haya,” akashika njia ya stendi, na nilimwangalia mpaka viatu vile vikapotea kati ya malori.

Ferista akarudi benchini. Macho yalikuwa mekundu na hakuyaficha. Aliichukua kadi, akaiweka ndani ya pasipoti. Mariam akapunga mkono kutoka ng'ambo kwamba baibui tayari. Yahaya, ambaye naye alikuwa anapenga kamasi kwa aproni, akasuuza finjani safi, akampa, akainua birika.

Yahaya: Haya mama, sasa ruhusa ipo. Anzia hapa kwetu.

Ferista aliipokea kwa mkono wa kulia peke yake, mgongo umenyooka. Kabla tone halijadondoka akaitikisa, kushoto, kulia, polepole, bila kusema neno, kama alivyofundishwa.

Yahaya akabaki na birika hewani.

Ferista: Usinichukulie vibaya, kaka. Ya kwanza nataka iwe ya kwetu.

Yahaya akarudisha birika jikoni.